Bihogo Arudi Barabarani

Kobusingye alikuwa ameinama juu ya jamvi uani kwake Kiruruma, akiigeuza kahawa kwa mikono yote miwili ili jua liipate upande wa pili, aliposikia mngurumo ukipanda kilima. Mikono ikabaki palepale ndani ya kahawa. Akainua kichwa, akatega sikio.

"Placidia!" alimwita mke wa mwanawe, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi. "Hebu toka usikie. Hilo si lori."

"Ni pikipiki ya Padri, mama."

"Pikipiki ya Padri inakohoa. Hilo linaimba."

Placidia akatoka, kisu mkononi. Wakasimama wote wawili wakitazama kijia kinachokuja kutoka barabarani katikati ya migomba. Haukupita muda, watoto wakatokea mbio, wengine kinyumenyume ili wasipitwe na kitu, na nyuma yao likaja gari ambalo Kobusingye hajapata kuona mfano wake. Lilikuwa dogo, la mviringo, rangi ya majivu. Kimo chake hakikuzidi cha ndama wa mwaka mmoja. Majani ya migomba yaliligusa paa yakalipapasa, nalo likapita chini yake bila kuvunja hata moja.

Likasimama kando ya jamvi. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamume mrefu kiasi kwamba Placidia alishika mdomo akijiuliza miguu ile ilikuwa imekunjwaje humo ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kobusingye alimtazama usoni, akamtazama mabega, kisha akapiga kofi moja la furaha. "Waitu! Huyu si Mutalemwa wa kabari?"

Mwanamume akacheka. Ndiye. Zamani, alipokuwa kijana mwembamba, alikuwa utingo wa lori la Rwezaura, mume wa Kobusingye. Kazi yake kila mlimani ilikuwa kuruka chini na gogo lililochongwa, akimbie nyuma ya lori na kulisukumiza chini ya gurudumu kila lilipotaka kurudi nyuma. Baadaye alikwenda Uganda akajifunza udereva, na watu wakawa wanasikia tu kwamba yuko Kampala, anaendesha.

"Sasa nimerudi nyumbani, mama. Na hili ni langu mwenyewe."

"Lako?" Kobusingye akalizunguka gari polepole. Akaligusa taa, akaligusa kioo, akainama akachungulia ndani. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana anayechungulia wageni wa posa, lakini uso aliuweka mkavu. "Mama yake yuko wapi? Au umemwachisha kunyonya mapema?"

Watu waliokwisha kujaa uani wakaangua kicheko. Mutalemwa alicheka nao, kisha akavua kofia.

"Mama, watu wa huku wanatembea kwa miguu mpaka Bukoba. Mgonjwa anabebwa kwa machela mabonde na milima. Lori likija linachukua magunia, mtu anakaa juu ya magunia, mvua yake, jua lake. Mimi nataka gari la kuchukua watu. Mjamzito akae kwenye kiti. Bibi kama wewe akae kwenye kiti. Lakini gari lisilo na jina huku kwetu halina heshima, na jina ninalolitaka linakaa kwako. Nimekuja kuliomba jina la Bihogo."

Kicheko kikakatika. Placidia akamtazama mama mkwe wake. Kobusingye alikaa chini pembeni ya jamvi, akachukua punje ya kahawa, akaitia mdomoni akaitafuna taratibu ingawa ilikuwa haijakauka vizuri.

Jina lile halikuwa jina la mchezo. Siku Kobusingye alipoolewa, baba yake alimpa ng'ombe wa kwenda naye, jike la pembe ndefu, jekundu la kuiva, rangi ile ambayo wafugaji huiita bihogo, na hilo ndilo likawa jina lake. Bihogo alizaa, akazaa tena, zizi la Rwezaura likajaa. Kisha mwaka mmoja katika miaka ile ya thelathini, Rwezaura akapatwa na kichaa cha magari. Akamswaga Bihogo na kizazi chake chote, akaenda kuwauza, na siku aliporudi alikuwa amekaa juu ya lori. Kobusingye alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Rwezaura hakubishana naye. Alichukua brashi na rangi nyekundu, akapanda juu ya boneti, akaandika kwenye paji la lori kwa herufi kubwa zilizopinda: BIHOGO. Akateremka akasema, "Basi mke wangu, ng'ombe wako ndiye huyu nimekurudishia." Kobusingye alitaka kukasirika zaidi, akashindwa, akacheka.

Na Bihogo huyo wa pili akawa mkubwa kuliko wa kwanza. Alichukua kahawa ya nchi nzima kuipeleka Bukoba, akivushwa mto Kagera kwa pantoni pale Kyaka, akarudi na chumvi, mabati na vitambaa. Alileta kinanda cha kanisa. Alichukua mabibi harusi. Watu hawakusema lori limefika. Walisema Bihogo amekuja, na wanawake wakatoka mashambani mikono ina udongo. Kobusingye mwenyewe kila baada ya mavuno alikaa mbele kando ya mumewe wakaenda mpaka Kimuli, kwa dada yake Eustadia aliyeolewa huko. Halafu vita vikaja, matairi yakaadimika, vipuri vikaadimika. Bihogo akasimama nyuma ya nyumba na hakuondoka tena. Rwezaura alipofariki, wahunzi walikuja wakamkata kipande kwa kipande, wakafua majembe. Nusu ya Kiruruma ilikuwa bado inalima kwa Bihogo.

"Nitakujibu," Kobusingye alisema mwishowe. "Jina kama hili halijibiwi mtu akiwa amesimama. Njoo ndani ule."

Habari ilitembea kuliko gari lenyewe. Jumapili iliyofuata, Misa ilipokwisha, watu hawakutawanyika kama kawaida. Nje ya kanisa lilikuwa limeegeshwa lori jipya la buluu, refu, linameremeta, na kando yake amesimama Protase, mfanyabiashara wa Nyakakika, mtu mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Alimsubiri Kobusingye ashuke ngazi, akamwinamia kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama. Nimesikia Bihogo anataka kufufuka. Nimefurahi mno! Lakini nimesikia wanataka kumfufua ndani ya kibuyu."

Watu wakacheka. Mutalemwa, aliyekuwa amesimama upande wa pili na kigari chake, akacheka pia, ingawa masikio yalimwiva.

"Mama," Protase akaendelea, "nilikuwa mtoto pale Nyakakika Bihogo alipokuwa anapita. Tulikuwa tunalala chini tunaweka sikio ardhini tumsikie akija. Dunia ilikuwa inatetemeka! Sasa niambie, kile pale kitatetemesha nini? Jina kubwa linataka mwili mkubwa. Hili langu litabeba kahawa ya Karagwe nzima. Nipe mimi."

Hapo pakachemka. Wakulima wenye magunia yao walikuwa upande wa Protase. Walisema Bihogo alikuwa lori, na lori humrithi lori. Wafugaji waliokuja kutoka nyikani, fimbo mabegani, wakasema jina lilikuwa la ng'ombe kabla halijawa la chuma, na ndama hurithi jina la mama yake akiwa bado anayumba miguu. Mzee mmoja akauliza iweje jina la ng'ombe mwekundu lipewe gari la majivu. Mwingine akamuuliza kama amewahi kuona ng'ombe wa buluu. Wanawake wakaingia kati. Mtu mmoja akamkanyaga mwenzake mguu akakataa kuomba radhi.

Kobusingye alisimama katikati ya makelele yale, rozari mkononi, na hakuna aliyejua alivyokuwa anajisikia. Tangu Rwezaura alipokufa hakuna mtu aliyekuwa amegombania kitu chake chochote. Alikuwa ni bibi wa kahawa na magoti mabovu tu. Na sasa watu wazima walikuwa wanatupiana maneno kwa ajili ya ng'ombe aliyeletwa na yeye, jina lake likisemwa huku na huku kama vile Bihogo yuko nyuma ya kona, anakaribia kutokea. Alitamani ugomvi ule usiishe. Lakini aliona Padri anachungulia mlangoni, akainua mkono.

"Nyamazeni. Mnataka jina. Mimi nataka kwenda Kimuli."

Watu wakamgeukia.

"Tangu Bihogo aliposimama sijamwona dada yangu Eustadia. Wachungaji wakipita kule ananitumia salamu: muulizeni kama bado yu hai. Namrudishia: na wewe je? Tumezeeka kwa kutumiana salamu. Bihogo ndiye aliyekuwa ananifikisha mlangoni kwake. Basi gari litakalonifikisha mlangoni kwa Eustadia, hilo ndilo Bihogo. Jumamosi asubuhi. Mje wote wawili."

Wiki ile Kobusingye hakugusa kahawa. Alishona gauni, akafungasha senene waliokaangwa na kukaushwa, akafungasha mkungu wa ndizi aina ambayo alijua Kimuli haistawi vizuri, akaufungua mzigo na kuufunga upya. Placidia alimwonya kwamba barabara ya Kimuli imeharibika. Kobusingye akamwambia hata magoti yake yameharibika na bado anayatumia.

Jumamosi yalikuja magari yote mawili, na watu kama vile ni sikukuu. Kobusingye alichagua kuanza na lori, kwa kuwa ndilo lililoanza kuwaka. Ilibidi wanawake wamsukume kwa chini na Protase amvute kwa juu mpaka akakaa kitini, naye akapiga ukelele alipoona jinsi alivyo juu. Aliiona mibuni yake kwa juu, akaliona paa la nyumba yake. Nyuma, vijana na akina mama walikuwa wamekwisha kujaza bodi la lori, kila mmoja ana sababu ya kwenda Kimuli siku hiyohiyo. Mutalemwa akafuata nyuma peke yake na mizigo ya bibi, akilimeza vumbi lote.

Safari ilinoga. Lori lilinguruma, dunia ikatetemeka kweli kama Protase alivyoahidi. Watu nyuma walikuwa wanaimba, watoto wa kila kijiji wakawapokea na kuwasindikiza, na kwenye nyika ng'ombe waliinua pembe wakakimbia mikia juu. Kobusingye alishikilia mlango kwa mkono mmoja na kitambaa cha kichwa kwa mkono wa pili.

"Unaonaje, mama?" Protase alipaza sauti.

"Endesha!" alimjibu. "Usiniulize, endesha!"

Wakafika kwenye bonde la mafunjo, lile lililo chini ya kilima cha kuingilia Kimuli. Zamani palikuwa na tuta la mawe. Sasa maji yalikuwa yamelila, na watu wa huko walikuwa wametandika magogo juu ya sehemu iliyobomoka. Protase alishuka akayatazama, akayapiga teke, akapanda tena. Akawaamuru abiria wa nyuma washuke. Kisha akalipeleka lori mbele taratibu, magurudumu ya mbele yakapanda juu ya magogo.

Mlio uliosikika ulikuwa kama wa bunduki. Gogo moja lilikatika katikati, lori likainama upande wa Kobusingye, naye akaona maji meusi na vichwa vya mafunjo vinamjia dirishani.

"Yesu na Maria!"

Protase hakupoteza akili. Alikanyaga, akarudisha gia, lori likanguruma kwa uchungu, likatetemeka, na polepole likajivuta nyuma mpaka kwenye ardhi kavu. Alipozima injini jasho lilikuwa linamchuruzika puani. Alimgeukia Kobusingye.

"Mama, nisamehe. Ningeweza kujaribu tena kwa ajili ya jina. Lakini siwezi kukuzamisha."

"Umefanya vizuri," Kobusingye alisema. Kilima cha Kimuli kilikuwa pale mbele yake. Aliweza kuona moshi wa nyumba katikati ya migomba. Alikuwa ametoka mbali kiasi hicho, na sasa machozi yalikuwa yanamjia, akayazuia kwa hasira. "Nishushe. Nakwenda kupanda lile dogo."

Mutalemwa alikuwa tayari amesimama ukingoni, anapima kwa macho. Magogo mawili yalikuwa yamekwenda na maji, na pengo lililobaki lilikuwa pana mno hata kwa gari lake. Alitikisa kichwa.

"Mama, hata mimi sipiti hapa."

Kobusingye alikuwa amekwisha kufungua mlango mwenyewe, akaingia, akakaa. Alishangaa. Hakusukumwa na mtu. Kiti kilikuwa pale pale usawa wa magoti yake, kama kiti cha nyumbani.

"Mama, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Na mimi nimekaa. Sitashuka mpaka Kimuli."

Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata kwa sababu ya uso wa Mutalemwa. Kisha kijana mmoja mfugaji akaliendea gari kwa nyuma, akashika chini ya bampa, akainua kidogo. Gari likainuka.

"Jamani," alisema kwa mshangao, "hili linabebeka!"

Kilichofuata Kobusingye alikisimulia mpaka anazeeka kabisa. Watu walikimbilia msituni wakakata miti mirefu, wakaipitisha chini ya tumbo la gari kama vile mgonjwa anavyowekewa machela. Wanaume wakajipanga pande zote mbili. Mbele upande wa kulia alikosekana mtu wa kimo cha kutosha, na wakati wanaulizana, Protase akavua koti lake la Jumapili, akalitundika kwenye kioo cha lori lake la buluu, akakunja mikono ya shati.

"Tokeni hapo," alisema. "Mnene anabeba vizuri."

"Wewe Protase!" Kobusingye akamwambia dirishani. "Ukinifikisha huko umejikosesha jina."

"Mama, niache kwanza nibebe. Jina tutagombania ng'ambo."

Wakahesabu, wakainua. Kobusingye aliona ardhi inamwacha. Walimteremsha kando ya tuta mpaka ndani ya mafunjo, maji yakawafika wanaume magotini, kisha mapajani, na akina mama wa nyuma wakaanzisha wimbo wa kumpeleka bibi harusi, ule wa zamani, wa wakati bibi harusi alipokuwa anabebwa na miguu yake haigusi njia. Kobusingye alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa anapelekwa harusini, na umri wake huo, ndani ya gari, katikati ya maji!

Wimbo ukakatika ghafla. Kijana mmoja upande wa kushoto alikuwa ameteleza akaenda chini mzimamzima, na pua ya gari ikazama. Maji yakaingia chini ya mlango yakamgusa Kobusingye vidole. Mtu akapiga kelele liachwe. Mwingine akasema lisiachwe. Mutalemwa alijitupa mahali pa yule kijana, akaweka bega chini ya mti, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Msiliache!" Protase alinguruma kuliko lori lake. "Ndani mna mtu! Inueni! Inueni!"

Wakainua. Hatua moja yenye matope, na nyingine, na nyingine. Majani ya mafunjo yakasuguana na milango. Kisha Kobusingye akasikia magurudumu yamegusa kitu kigumu, na watu wote wakaanguka chini pale ng'ambo wakihema, wamepakaa matope mpaka kwenye nyusi, wanacheka kama wendawazimu.

Lakini gari halikuwaka. Mutalemwa akavuta swichi, kimya. Akafungua boneti, akafuta huku, akapuliza kule, akachukua hendeli akaichomeka mbele, akazungusha. Gari likapiga chafya likanyamaza. Akazungusha tena. Watu wakasogea. Kobusingye akaweka kiganja chake juu ya dashibodi, kama alivyokuwa anaweka juu ya shavu la ng'ombe aliyekataa kusimama ili akamuliwe, na akasema kwa Kinyambo maneno ambayo hayakusikika na mtu mwingine. Kama yalisaidia hakuna ajuaye, maana wakati huohuo Mutalemwa aliivuta hendeli kwa nguvu zake zote, na gari likaanza kuimba.

Kelele iliyopanda pale bondeni iliwatoa ndege wote kwenye mafunjo.

Walipanda kilima cha Kimuli gari likiwa mbele na watu wa matope wakikimbia nyuma. Njia ilikuwa nyembamba, ya ng'ombe na ya miguu, na hakuna lori ambalo lingeweza kupita kati ya ile migomba. Kigari kilipita. Kilipinda kwenye kona ya kisima, kikapita kando ya zizi, kikaingia mpaka uani na kusimama karibu kabisa na kizingiti cha nyumba, kuku wakiruka huku na huku.

Eustadia alikuwa amekaa mlangoni anapepeta maharage. Alikuwa amekuwa mdogo, na nywele zote nyeupe. Alilitazama gari, akamtazama aliye ndani yake, ungo ukamponyoka.

"Nani huyo?"

"Uliniuliza kama bado niko hai," Kobusingye alisema. "Nimekuja kukujibu mwenyewe."

Hakuna aliyeweza kusema baadaye ni yupi aliyeanza kulia. Walishikana pale mlangoni, wakaachana ili watazamane, wakashikana tena, wakiulizana habari za watu ambao nusu yao walikuwa marehemu. Watu waliofika na matope yao walisimama kando, na Protase akajifuta macho kwa mkono mchafu, akazidi kujipaka tope.

Hata hivyo hakuwa amesahau jina. Baada ya kahawa ya kutafuna kuzungushwa kwa wageni, na pombe ya ndizi kufuata, alikohoa.

"Mama Kobusingye, sina ugomvi. Umefika, na nimefurahi. Lakini tuseme kweli mbele ya watu. Lile gari halikukuleta. Sisi ndio tuliolileta. Gari la kubebwa linawezaje kuitwa Bihogo?"

Mutalemwa aliinamisha kichwa. Alijua neno hilo lingekuja.

Kobusingye akaweka kibuyu chini.

"Protase, wewe ulikuwa unamsikia Bihogo kwa kuweka sikio ardhini. Mimi nilikuwa ndani. Unajua ni mara ngapi nilishuka nikamsukuma? Muulize Mutalemwa na kabari yake. Mvua ikinyesha, kijiji kizima kilikuwa kinasukuma. Pale Kyaka tulimvuta kwa kamba. Mume wangu alikuwa anasema Bihogo ana magurudumu manne na miguu mia. Hakuna siku Bihogo alifika mahali bila watu. Hata huyu hakufika bila watu, na wewe ulikuwa wa mbele. Nilisema litakalonifikisha mlangoni. Mlango ni huu hapa, naugusa nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Bihogo ndiye huyu."

Vigelegele vikapasuka. Vijana wakamnyanyua Mutalemwa juu, na yeye, mtu mzima, akawa anapiga kelele wamshushe, wamshushe, huku machozi na kicheko vimechanganyika. Kisha Eustadia akapiga fimbo yake chini.

"Subirini! Nani amesema jina hilo ni la Kobusingye peke yake? Yule ng'ombe alikuwa wa baba yetu. Mimi ndiye niliyekuwa nafukuza nzi machoni pake. Nusu ya jina ni yangu."

Kobusingye akageuka. "Eustadia, umeanza? Leo hii hii?"

"Nimeanza. Na nusu yangu naisema hivi." Akamnyooshea Protase kidole. "Huyu baba aliyembeba dada yangu majini hawezi kurudi kwao mikono mitupu. Hilo gari lako kubwa liko wapi?"

"Liko ng'ambo ya bonde, mama. Halikuweza kuvuka."

"Kubwa sana?"

"Sana, mama. Linatetemesha dunia."

"Basi hilo ni dume. Dume la rangi ya Bihogo tunaliita Ruhogo. Liite Ruhogo, na atakayekuuliza mwambie amekupa Eustadia wa Kimuli."

Protase alirudia jina lile kwa sauti ndogo, akalirudia kwa sauti kubwa, kisha akalirudia kwa sauti yake yenyewe mpaka ng'ombe zizini wakageuza vichwa. Akapiga goti kushukuru. Alipoinuka alikuwa anatabasamu kwa uso wake wote wa matope, anawaambia watu kwamba kuanzia Jumatatu Bihogo atachukua watu na Ruhogo atachukua magunia, na hakuna atakayebaki njiani.

Mutalemwa alikuwa na kopo la rangi kwenye buti la gari. Alikuwa amelinunua Kampala kabla hata ya kuja kuomba. Akalifuta gari tope kwenye paji kwa shati lake, akapiga magoti, akaanza kuandika. Watu walimzunguka wakisoma herufi moja moja kwa pamoja, hata wale wasiojua kusoma, na ilipofika ya mwisho wakalitamka jina zima kwa kishindo.

Rangi ilikuwa haijakauka Eustadia alipofungua mlango wa mbele na kukaa.

"Unakwenda wapi wewe?" Kobusingye akamuuliza.

"Sijui. Popote. Kuna jirani zangu kule juu ambao wananiona mimi mtu wa kukaa mlangoni. Mutalemwa, baba, piga honi ukipita kwao. Piga sana."

Kobusingye aliingia nyuma, akafunga mlango, akaufungua na kuufunga tena vizuri. Gari likanguruma. Watoto wa Kimuli wakatangulia mbio, wengine kinyumenyume, na yule wa kwanza kufika kwenye kona akaanza kupaza sauti kwa watu waliokuwa mashambani kwamba Bihogo amekuja.